Mahali pa Mnazi Mmoja

Kijana unayesomea kupima ardhi, au unayekata shamba la baba yako ili uuze viwanja, weka kalamu chini kidogo. Nataka nikusimulie habari ya ukuta mmoja hapa Mafia, pembezoni mwa Miburani, ambao nusura umtenganishe Bi Rukia na binti yake aliyekuwa amebakiza siku chache ajifungue. Ukuta wenyewe ulikuwa haujajengwa. Ulikuwa ni mstari tu wa penseli, na penseli niliishika mimi.

Nilifanya kazi ya upimaji tangu nikiwa msichana mwembamba wa kupeperushwa na upepo wa kusi, hadi nilipostaafu nikiwa kama mnavyoniona. Nilianza kwa kushika ncha ya tepu, watu wakaniita Dada Tepu. Sasa ni Bibi Tepu. Jina langu la hati wanalikumbuka wanangu na watu wa pensheni.

Nimezaliwa Bwejuu, kisiwa kidogo ambacho ukimkosa mtu upande huu unamkuta upande wa pili. Kwetu hapakuwa na mtaa wala kona yenye jina. Kwa hiyo nilipoletwa Kilindoni kwa shangazi nikiwa mdogo niliona nimefika mji wa maajabu, mji wenye vichochoro! Unaingia nyuma ya duka, unatokea msikitini, unakata uani kwa watu na salamu zako mdomoni, unatokea sokoni. Shangazi akinituma chumvi nilikuwa na njia nne za kwenda na nne za kurudi, na zote nilizitumia kuchelewa.

Hizo za uani ndizo ninazotaka mzijue. Nyumba zetu mnazijua, mbele baraza, wanaume wamekaa na kahawa yao, nyuma ua, na uani ndiko mambo yanakopikwa. Mwanamke hapendi kila akitaka kuazima mbuzi ya kukunia nazi apite mbele ya baraza saba akitoa shikamoo na kuulizwa anakwenda wapi. Anapita nyuma. Ua huu unafungua kwa ule, ule kwa mwingine, na hakuna mchoro wa serikali nilioshika mimi uliokuwa na njia hizo. Wapimaji wengi walikuwa wanaume, na mwanaume hajui njia ya uani kwa sababu kila akiingia huko wanawake wananyamaza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shomari, marehemu sasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, mlalamishi, mpenzi wa chapati, na hakuwahi kuanza kupima kabla hajala. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Una viatu?" Nikamwonyesha. Akasema, "Vua, utaviharibu." Tukaingia mashambani alfajiri, jua halijakausha majani, naye akanionyesha kitu ambacho nimekitumia maisha yangu yote. Umande. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande, isipokuwa mistari myembamba iliyopinda, ya kijani kibichi. Hapo ndipo walipokuwa wamekwisha kupita watu, wa kisimani, wa msikitini, wa pwani. "Hiyo ndiyo ramani," akasema. "Tukichelewa kidogo jua litaifuta, halafu utaniletea ya kwako ya kubuni."

Basi ukipewa eneo nenda alfajiri. Na usiende siku moja tu, kwa sababu njia ya Ijumaa si ya Jumatatu.

Msidhani Mzee Shomari alikuwa hakosei. Kuna eneo tulilolisimikia bikoni safi, yale mawe ya mpaka, zege nzuri ya kumimina wenyewe, tukaondoka tukijisifu. Tuliporudi hakuna hata bikoni moja. Tukadhani ni mgogoro wa mpaka, Mzee Shomari akataka kwenda kushitaki. Mimi nikaona moshi. Tukaufuata moshi, nyumba ya kwanza tukakuta bikoni tatu zimepangwa vizuri, sufuria ya wali juu yake. Nyumba ya pili hivyo hivyo, sufuria ya mchuzi. Wenyeji wakatukaribisha tule. Mzee Shomari alitazama mafiga yake, akatazama wali, akavua kofia akakaa. Kuanzia siku hiyo tulizichimbia bikoni chini kabisa, zikabaki kichwa tu.

Kosa lingine lilikuwa Utende. Tulichora barabara iliyonyooka kutoka nyumba za wavuvi hadi barabara kuu, pana, ya kupendeza macho. Ikasafishwa, ikamwagwa kifusi. Watu wakaendelea kupita kule kule minazini, pamepinda, pana mizizi, lakini pana kivuli. Barabara yetu ikawa mahali pa kuanikia mwani. Mpaka leo nikipita nacheka, na mwani unakauka vizuri sana pale.

Sasa sikilizeni jinsi mji unavyotanuka, maana hamtaambiwa hivi darasani. Mji hautanuki kwa mpango wa mji. Unatanuka kwa mtu mmoja mwenye shamba na ada ya shule ya mtoto. Anakata kipande cha mbele, anauza. Mwakani anakata cha nyuma yake. Sasa wa nyuma atapita wapi? Anamwachia kijinjia pembeni. Anakata tena, kijinjia kinarefuka. Shamba likiisha, kijinjia kimekuwa barabara, nayo inaishia pale shamba linapoishia, usoni kwa ua wa jirani. Jirani naye amefanya vilevile kutoka upande wake. Ukiwa juu ungeona barabara nyingi zinachomoza kutoka ile ya lami kama meno ya kitana, na hakuna jino linaloligusa jenzake. Kila mtu ana barabara, na hakuna anayeweza kumfikia mwenzake.

Mimi nilikuwa na kipimo changu cha mtaa, hakimo kwenye mwongozo wowote. Nyumba ambayo unasikia harufu ya samaki wake akikaangwa isikugharimu nauli ya bodaboda kuifikia. Mtaa ukishindwa hapo, umeshindwa, hata uwe na taa za barabarani.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa Bi Rukia.

Palikuwa na mashamba mawili yanayopakana. Moja la Bwana Salim, mwenye duka, ambaye babu zake walikuja na majahazi kutoka Oman wakaoa hapa hapa. Jingine la Bwana Hamadi, mvuvi na mkulima, ambaye babu zake hawakutoka popote. Kati ya mashamba hayo palikuwa na safu ya minazi. Ardhi chini ya minazi ilikuwa ya ukoo wa Salim. Minazi yenyewe ilikuwa ya ukoo wa Hamadi, kwa sababu zamani babu yake Hamadi aliomba pahala pa kupanda, akapewa. Nyie wa siku hizi mnashangaa, lakini kisiwani kwetu hilo ni jambo la kawaida. Ardhi yako, mti wangu. Wewe unalima mihogo chini, mimi naangua nazi juu, na kila mmoja anamwona mwenzake anamnyonya.

Salim na Hamadi walikuwa wamegombana miaka mingi juu ya safu hiyo, hawasalimiani ila siku ya Idi, na siku ya Idi wanasalimiana kwa vidole. Kila mmoja akakata viwanja kwake, akaweka barabara yake. Ya Salim ilitoka kwenye lami, ikaja ikafia kwenye minazi. Ya Hamadi ilitoka upande wa soko, ikaja ikafia kwenye minazi upande wa pili. Unaweza kusimama mwisho wa moja ukarusha dafu likaangukia kwenye nyingine.

Bi Rukia aliishi upande wa Hamadi, ua wake umegusa minazi. Mwanawe, Mwajuma, aliolewa na kijana aliyenunua kiwanja upande wa Salim, ua wake nao umegusa minazi. Ndiyo sababu walinunua pale. Mama akikohoa binti anasikia. Katikati palikuwa na kijinjia cha uani kilichopita chini ya minazi, na asubuhi hakikuwa na umande hata tone, maana mama na binti walikuwa hawaishi kufuatana.

Mwajuma akapata mimba, ya kwanza. Na Bi Rukia ndiye mkandaji wa mtaa mzima. Wazazi wote wa pale yeye ndiye aliyewakanda kwa maji ya moto, akawafunga matumbo, akawapikia uji wa pilipili manga mpaka arubaini ikatimia. Sasa ilikuwa zamu ya mwanawe mwenyewe, naye alikuwa na goti bovu. Hatua chache chini ya minazi aliziweza. Kuzunguka hadi sokoni, hadi kwenye lami, na kurudi tena kwa barabara ya Salim, hakuweza, na nauli za bodaboda mara mbili kila siku angezitoa wapi?

Hapo ndipo ofisi iliponituma kurasimisha viwanja vile, na Salim akaniambia anataka kujenga ukuta mpakani. Mpaka wake, kumbukeni, ulikuwa ng'ambo ya minazi, nyuma kabisa ya ua wa Bi Rukia.

"Wateja wangu wanataka faragha," akaniambia. "Watu wanakatiza uani kwa watu kutwa kucha. Huu ni mji sasa, Dada Tepu."

"Na minazi ya Hamadi?"

"Hamadi anaikata. Imezeeka, haizai. Anataka kuuza mbao."

Ilikuwa kweli. Nilimwendea Hamadi akanithibitishia, tena kwa furaha. "Naikata yote! Abaki na ardhi yake tupu, tuone atakula kivuli cha nani."

Hakuona kwamba anamsafishia mwenzake njia ya kujenga. Hasira ina upofu wake.

Nilikwenda kwa Bi Rukia. Nilimkuta anakuna nazi, goti limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipimia kaburi?"

"Allah aepushe, mama!"

"Basi wapime hao wanaotaka kunizika ningali hai. Mtoto wangu atajifungua mimi nasikia sauti yake ukutani? Nimewakanda wake za watu kisiwa kizima. Mke wa huyo huyo Salim nimemkanda mimi, mara zote. Wangu nimsikie tu?"

Hakulia. Aliendelea kukuna nazi mpaka kifuu kikabaki cheupe, akaendelea kukikuna. Mimi ndiye niliyetaka kulia. Mama yangu mwenyewe alivuka maji kutoka Bwejuu kuja kunikanda, na nakumbuka jinsi nilivyomsubiri.

Nikamwomba mwenyekiti wa kitongoji atukutanishe. Salim hakutaka kukanyaga baraza la Hamadi, Hamadi hakutaka kukanyaga la Salim, ikabidi tukutane pale pale kwenye safu, tumesimama. Kila upepo ukivuma tulitazama juu wote kwa pamoja, maana nazi iliyozeeka haichagui kichwa cha mwenyekiti.

Nikasema sheria ya busara ya zamani mnaijua, mashamba mawili yakipakana kila mmoja anaachia nusu ya njia. Nani ataachia?

Hapo nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona katika kazi hii. Watu waliogombea kipande kile miaka yote ghafla kila mmoja akawa hakitaki.

"Safu ni ya Hamadi," akasema Salim. "Minazi si yake? Basi njia itoke kwake."

"Minazi ni majani tu!" Hamadi akang'aka. "Ardhi ya nani? Kila siku ananiambia ardhi yake, leo imekuwa yangu?"

"Babu yako ndiye aliyekaa hapa."

"Babu yako ndiye aliyempa!"

Mwenyekiti alifunika mdomo kwa kofia. Nikawaacha wachoke, halafu nikamuuliza Salim kwa upole kabisa, "Ukijenga ukuta leo, kabla minazi haijakatwa, mkwezi wa Hamadi atapita wapi kuangua?"

"Atazunguka mbele. Atabisha hodi kwangu."

Kumbe hilo ndilo neno lililohitajika. Hamadi alivimba shingo. "Nibishe hodi? Kwenye minazi ya babu yangu? Wallahi haikatwi hata mmoja! Ikae mpaka ijiangushe yenyewe, na mkwezi wangu atapita hapa hapa nilipopita mimi na baba yangu!"

Na hapo, wajukuu, kila mtu aliyekuwepo alijua maana yake, Salim mwenyewe alijua. Kwetu mwenye ardhi hawezi kumzibia mwenye mti asiufikie mti wake. Maadamu minazi imesimama, mkwezi ana njia. Na anapopita mkwezi, nani atamzuia Bi Rukia asipite nyuma yake? Nikaitoa penseli, nikaurudisha mstari wa ukuta ndani, upande wa Salim wa minazi, na kati nikaacha kichochoro. Salim alikunja uso, ila hakubisha.

Mwajuma akajifungua mtoto wa kike. Bi Rukia akavuka na sufuria yake ya maji ya moto akijisaidia kwa mkongojo, hatua kwa hatua, anamtukana Salim kimyakimya kila hatua. Mie nilikwenda kumwona mzazi, nikakuta chumba kinanukia uji na mafuta ya nazi, na bibi amempakata mtoto hampi mtu.

Lakini minazi ilikuwa mikuukuu kweli. Masika ile ile mmoja ukaanguka, kwa bahati njema ukaangukia kwenye barabara ya Hamadi na kuvunja jiko lake mwenyewe la nje. Kila mtu akafanya hesabu kichwani. Minazi ikiisha yote, mkwezi hana cha kufuata, na njia inakufa. Salim alikuwa na subira, na tofali zake zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Siku moja nikiwa namalizia bikoni nikamwona Bi Rukia anachechemea kuelekea kwa Salim, mkononi ameshika mche wa mnazi, nazi yake chini imechipua majani mawili. Nikamfuata kwa udaku, sifichi.

"Salim," akasema, hata hakukaa. "Mjukuu wangu amepata arubaini. Naomba pahala pa mnazi mmoja, wa jina lake. Pale ulipoanguka ule wa Hamadi."

Mnajua mtoto akizaliwa kwetu hupandiwa mnazi. Na mnajua mwenye kuombwa pahala pa mnazi wa mtoto mchanga anakuwa katika mtihani. Salim aliutazama mche. Alikuwa mfanyabiashara, si mjinga. Mnazi mchanga utaishi miaka mingi kuliko yeye, kuliko mimi, kuliko ukuta wowote.

"Najua unachonifanyia, Bi Rukia," akasema mwisho.

"Nami najua kuwa unajua."

Akacheka. Sikutegemea acheke. Akasema, "Umenikandia mke wangu mpaka nikaona aibu ya kukulipa. Njoo." Akachukua jembe mwenyewe, mwenye duka na kanzu yake safi, akachimba shimo, akatia majivu na chumvi kama wazee wake walivyofanya, akafukia. Hamadi alikuwa amesimama upande wake wa minazi anatazama. Akasema tu, "Limekuwa fupi hilo shimo." Salim akalichimbua, akaongeza. Hawakusemezana zaidi ya hapo, ila nilivyowajua, hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa nimestaafu. Kilindoni imesogea mpaka imekaribia kuishika Miburani mkono, na kuta zimejaa. Kijana mmoja wa ofisi alirusha droni pale, akaniletea picha tuitazame pamoja. Tuliona mapaa ya bati, barabara zile mbili, na katikati utepe wa kijani wa majani ya minazi. Njia haionekani kwa juu. Nikamwambia aichore hata hivyo, akaichora. Ina upana wa mwanamke aliyebeba ndoo na mwingine anayempisha.

Mwezi uliopita nilipita kumjulia hali Bi Rukia. Goti limemshinda kabisa, hatoki tena kitandani bila kushikwa. Nilikaa naye kidogo. Ilikuwa bado alfajiri, majani uani yote meupe kwa umande. Nikasikia mlango wa nyuma unasukumwa bila hodi, akaingia Mwajuma na sufuria ya maji ya moto, na nyuma yake yule binti, mkubwa sasa, ameshika bakuli la uji kwa mikono miwili asimwage.

"Kaa vizuri, mama," Mwajuma akasema. "Leo nakukanda mgongo na miguu yote."

Bi Rukia alinitazama, akageuza uso ukutani ili nisimwone. Nilitoka nje nikawaacha. Nyasi za kichochoroni zilikuwa zimeshakauka umande katikati, mstari mmoja mwembamba, na mnazi wa mtoto ulikuwa umeanza kuzaa.